Rudisheni Themostati ya Watu

Wasee, leo nimekuja na hasira. Na hasira yenyewe ni juu ya kitu kidogo kinachotoshea kwenye kiganja cha mkono: themostati. Gari yako ilipotoka Japani ilikuwa nayo. Inawezekana kabisa kwamba saa hii haina, na hakuna mtu aliyekuambia. Wewe unajua tu kwamba ukiwasha hita mwezi wa Julai inakupulizia upepo baridi, halafu unasema, "Ah, hita za gari za mtumba hazifanyangi kazi."

Zinafanya. Tumeziua sisi wenyewe, na spana mkononi.

Najua kuna mtu tayari ameanza kuandika kule chini: "Wewe uliacha chuo, utatufunza injini?" Ni kweli, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokatika. Na hata huko nilikuwa nasomea biashara, si magari. Lakini themostati haihitaji digrii. Inahitaji sufuria, maji na jiko. Tutafika hapo.

Kwanza niwaambie kilichonikasirisha.

Mathe huuza kabeji na karoti. Anazitoa mashambani huko Kimende, anazishusha sokoni Nairobi kabla jua litoke. Anaendesha stesheni ya Kijapani, ile ukikunja viti vya nyuma inakuwa pikapu. Kama hujawahi kupita Kinale na Kimende saa kumi za alfajiri mwezi wa Julai, sijui nikuelezeeje. Ukungu unakaa barabarani kama maziwa yamemwagika. Taa zako zinaangaza hatua chache halafu zinagonga ukuta mweupe.

Huo ni ukungu wa nje. Sasa ongeza ule wa ndani. Watu wawili wanapumua, kabeji mbichi zina umande, madirisha yamefungwa kwa sababu ya baridi. Kioo cha mbele kikaanza kufanya weupe. Mathe akawasha hita, akazungusha ile nobu mpaka mwisho wa rangi nyekundu. Upepo ukatoka. Baridi kama umefungua friji.

Akazima. Akachukua leso, akawa anapangusa kioo kwa mkono mmoja, mkono mwingine uko kwa usukani. Anapangusa, anaona kidogo, kioo kinarudi weupe, anapangusa tena. Mimi nimekaa kando nikipangusa upande wangu na mkono wa sweta.

Lori ilikuwa imesimama. Haikuwa na taa wala pembetatu, hata matawi hawakuwa wameweka. Mathe aliiona ikiwa karibu sana hadi sijui tulipitaje. Alivuta usukani, kabeji zote zikahamia upande wangu, tukatoka upande ule mwingine tukiwa wazima. Hatukuongea mpaka tulipofika Limuru. Halafu akaniuliza polepole, "Kwani wewe hukuiona?"

Sikuiona. Upande wangu pia ulikuwa mweupe.

Siku hiyo ndiyo niliamua nitajua kwa nini hita ya gari hutoa upepo baridi. Na nilichokipata ndicho kinafanya niandike haya yote.

Tuanze na hita yenyewe, kwa sababu wengi hatujui ni nini. Hita ya gari ya petroli ya kawaida si ya stima kama ile ya nyumbani. Haina waya wa kuwa mwekundu. Injini ikichoma petroli, sehemu kubwa ya nguvu inageuka kuwa joto badala ya kusukuma gari. Joto hilo linachukuliwa na maji, ama tuseme kulanti, inayozunguka ndani ya injini. Sehemu ya hiyo kulanti ya moto inapitishwa kwenye paipu mbili mpaka rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi. Feni inapuliza hewa juu ya hiyo rejeta ndogo, hewa inapata joto, inakufikia miguuni na kwa kioo. Basi. Hita ni joto la bure ambalo injini ilikuwa itupe.

Kwa hivyo hita ikipuliza baridi, ni moja kati ya mambo manne. Injini yenyewe haijapata joto. Ama injini iko moto lakini kulanti haitoshi au haizunguki vizuri. Ama kulanti inazunguka lakini rejeta ndogo imeziba. Ama yote hayo yako sawa lakini kile kimlango ndani ya dashibodi, kinachochanganya hewa ya moto na ya baridi, kimekwama.

Sasa themostati inaingia wapi? Themostati ni mlango. Ndani yake kuna nta. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa, kulanti inazunguka ndani ya injini na kwa hita tu, haiendi kwa rejeta kubwa ya mbele. Hivyo injini inapata joto haraka. Ikifika kama nyuzi 82, ama 88 kwa gari zingine, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango ufunguke, na kulanti inaanza kwenda mbele ikapoe. Ikipoa sana, mlango unajifunga kidogo. Inacheza hivyo siku nzima ili injini ikae karibu na nyuzi 90, si chini sana, si juu sana.

Ukiitoa, umeng'oa mlango. Kulanti inakimbilia rejeta kubwa tangu sekunde ya kwanza. Barabara ya Limuru, alfajiri ya Julai, na upepo wa mwendo wa kilomita 80 unapiga hiyo rejeta. Injini itapata joto saa ngapi? Haipati. Na hita itakupa nini? Itakupa kile injini iko nacho, ambacho ni uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa mezani.

Nilipopeleka gari ya mathe kwa fundi mmoja mzee jirani yetu, alifungua ile nyumba ya themostati mbele yangu. Ilikuwa tupu. Akacheka kidogo, akasema, "Kijana, hapa hakuna mtu nyumbani."

Sasa tuingie kwenye ubishi wenyewe, kwa sababu najua jibu mnaloleta. Nimelisikia gereji tatu tofauti, na maneno ni yale yale: "Hiyo kitu ni ya nchi za baridi. Hapa ni Afrika. Injini inataka kupoa, si kupashwa."

Sentensi hiyo inasikika kama hekima, na haina ukweli ndani yake.

Moja. Themostati haiangalii hali ya hewa ya nchi. Inaangalia joto la kulanti. Moto ulio ndani ya silinda haujui kama uko Mombasa ama Hokkaido. Injini ilitengenezwa vyuma vyake vikae kwa kipimo fulani vikiwa na joto la karibu nyuzi 90. Chini ya hapo, oili ni nzito, vyuma havijakaana vile vilivyopangwa, na unyevu unaobaki ndani hauvukizwi vizuri, unachanganyika na oili mpaka inakuwa kama uji.

Mbili. Hiyo "nchi ya baridi" mnayosema ni Japani, sivyo? Ni kweli kuna baridi. Mji wa Asahikawa, huko Hokkaido, mwaka wa 1902 ulipima nyuzi 41 chini ya sifuri. Lakini nchi hiyo hiyo, mji wa Kumagaya, Julai 2018 ulipima nyuzi 41.1 za joto. Hilo ni joto ambalo hata Mombasa hailizoei. Je, Wajapani wakifika mwezi wa Julai huwa wanang'oa themostati, halafu Desemba wanarudisha? Hawang'oi. Gari ni ile ile, themostati ni ile ile, msimu wa joto na msimu wa theluji. Halafu wewe wa Ruaka, ambaye usiku wa Julai unalala na blanketi mbili, unasema huku ni joto sana?

Tatu. Petroli. Gari za siku hizi zina kompyuta na sensa ya joto. Kompyuta ikiona injini bado ni baridi, inaongeza petroli, kama vile hufanya asubuhi ukiwasha. Ikipata joto inapunguza. Sasa kama injini haipati joto kabisa, inakuwa asubuhi siku nzima. Unalipa petroli ya asubuhi mpaka jioni. Halafu unaenda kwa fundi yule yule kumwambia gari inakunywa sana, anakubadilishia plagi. Ukiweka mashine ya kupima na ikuletee namba P0128, usibabaike na maneno ya Kizungu yanayofuata. Inasema hivi: kulanti haifiki joto ambalo themostati ilipaswa kulishikilia. Gari inakushtakia kwamba mlango haupo, ama umekwama wazi.

Nne, na hii ndiyo huwamaliza. Kuna injini ambazo ukitoa themostati zinachemsha zaidi. Themostati zao zina kazi mbili: ikifungua njia ya rejeta kubwa, wakati huo huo inafunga njia ya mkato ya ndani. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya kulanti inazunguka ndani bila kwenda kupoa. Sasa unapanda mlima na mzigo, gari inachemsha, na fundi anakuambia tatizo ni gasketi. Umetoa kitu cha shilingi chache kwa kuogopa kuchemsha, ukanunua kuchemsha kwenyewe.

Tusisahau ndugu wa huyu ugonjwa: maji ya mfereji. Watu wanasema kulanti ni ya kuzuia maji yasigande, na huku hatuna theluji, kwa hivyo maji yanatosha. Kuzuia kuganda ni kazi moja tu ya kulanti. Inazuia kutu pia, na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 ukiwa pwani. Nairobi yanachemka karibu na 94. Limuru, kama mita 2,200 juu ya bahari, ni kama 93. Kifuniko cha rejeta kikiwa kizima kinaweka presha na kupandisha hicho kiwango. Kifuniko kikiwa kimechoka, injini inayofanya kazi kwa 90 imebakisha nyuzi tatu tu kabla maji yaanze kutokota. Halafu mnasema gari za siku hizi ni dhaifu.

Na ile kutu? Inatembea. Inasafiri na maji mpaka ipate mahali pembamba pa kukaa. Mahali pembamba kuliko pote ni zile njia za rejeta ndogo ya hita. Kwa hivyo hata ukirudisha themostati, unaweza kukuta hita bado ni baridi kwa sababu miaka mitano ya maji ya mtungi imejenga tope humo ndani.

Sawa. Nimepiga kelele ya kutosha. Sasa niwape kazi, kwa sababu kulalamika bila kusaidia ni tabia mbaya. Hivi ndivyo utajua hita yako inaumwa wapi, bila kumlipa mtu. Fanya mwenyewe, ama simama hapo fundi akifanya.

Anza asubuhi gari ikiwa baridi kabisa. Fungua boneti, angalia kulanti kwenye ile chupa ya pembeni, halafu kwenye rejeta yenyewe. Nimesema baridi kabisa. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Maji yale yako chini ya presha na yatakurukia usoni. Kama kulanti imepungua, hiyo inaweza kuwa ndiyo sababu, kwa kuwa hita mara nyingi huwa ya kwanza kukosa. Lakini usijaze tu ukaenda. Jiulize ilienda wapi.

Washa gari. Kama dashibodi ina mshale wa joto, uangalie. Baada ya dakika 10 hadi 15 za kuendesha unafaa kuwa karibu na katikati na utulie hapo. Kama haina mshale, gari nyingi ndogo za Kijapani zina taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na kuzima ikipata joto. Taa ya bluu ikikaa sana, ama ikizima mjini na kurudi ukiwa haiwei, shuku themostati kwanza.

Halafu kuna jaribio la mkono. Injini ikiwa bado inapata joto, gusa kwa uangalifu ile paipu nene inayoingia juu ya rejeta kubwa. Kaa mbali na mkanda, na feni pia, maana hiyo inaweza kuwaka yenyewe bila kukuuliza. Themostati ikiwa nzima, kwa gari nyingi paipu hiyo inabaki poa kwa dakika kadhaa, halafu ghafla inakuwa moto. Hiyo ghafla ndiyo mlango kufunguka. Kama paipu inapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, mlango umekwama wazi, ama hakuna mlango.

Sasa tafuta zile paipu mbili nyembamba zinazoingia kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Hizo ndizo za hita. Injini ikiwa moto na nobu iko kwenye nyekundu, zote mbili zinafaa kuwa moto. Moja ikiwa moto na nyingine poa, rejeta ndogo imeziba, ama kuna vali iliyokwama imefungwa. Zote mbili zikiwa poa na injini iko moto, kulanti haifiki: imepungua, kuna hewa iliyonaswa ndani, ama pampu ya maji imechoka. Zote mbili zikiwa moto na wewe bado unapulizwa baridi, injini haina kosa. Shida iko ndani ya dashibodi, kile kimlango. Zungusha nobu kutoka bluu hadi nyekundu na usikilize. Ukisikia tak-tak-tak, ile mota yake ndogo inazunguka bila kushika.

Na wengine watakuta jambo la ajabu: zile paipu mbili haziingii popote. Mtu alizikata akaziunganisha, moja kwa nyingine. Rejeta ndogo ilikuwa inavuja na fundi akaona njia rahisi ni kuiruka. Hita yako ilikufa kitambo, ni vile hukualikwa mazishi.

Dalili zingine za kushika kichwani. Hita inatoa joto ukikanyaga mafuta na baridi ukisimama kwa jam: kulanti imepungua, kuna hewa ndani, ama pampu ni dhaifu. Zulia la upande wa abiria limelowa na kuna harufu tamu-tamu, na kioo kinaingia ukungu wenye mafuta usiopanguswa ukatoka: rejeta ndogo inavuja ndani ya gari. Kulanti inapotea bila tone chini, moshi mweupe unatoka nyuma kwa muda mrefu, na maji yanatoa mapovu: hapo usicheze, gasketi ya hedi inakuita. Zima, tafuta mtu anayejua.

Na ile sufuria niliyowaahidi. Ukinunua themostati, ama ukitoa ya zamani, ifunge na kamba uining'inize ndani ya sufuria ya maji bila kugusa chini. Weka kwa jiko. Maji yakiwa baridi inafaa kuwa imefungwa kabisa. Yanapokaribia kuchemka, utaiona ikifunguka polepole. Ukiitoa ipoe, ijifunge. Ikifanya hivyo, ni nzima. Ikikaa wazi ama ikikataa kufunguka, ni ya kutupa. Hata hapa Nairobi ambapo maji huchemka kwa 94, inatosha kufungua ya 82 ama 88. Hakuna fundi atakudanganya kuhusu kitu ulichokipika mwenyewe. Sufuria usimrudishie mathe bila kuosha.

Kitu kingine cha bure, kwa wale wa ukungu wa kioo: AC si ya joto peke yake. AC inakausha hewa. Elekeza upepo kwa kioo, weka joto, washa AC pamoja, na ile swichi ya hewa iwe ya kuingiza kutoka nje, si ya kuzungusha ile ya ndani. Joto na hewa kavu pamoja ndivyo vinavyofungua kioo haraka. Lakini bila themostati utakuwa na ukavu bila joto, na alfajiri ya Kinale inataka vyote viwili.

Kuna binamu yangu anaishi Minnesota, huko Marekani, na nilipomsimulia haya alishangaa kuliko mimi. Huko gari ikikosa hita Januari haiendi mahali, kwa sababu kioo kinafunga barafu kwa ndani. Kwake, hita ikipuliza baridi, themostati hubadilishwa kama vile sisi tunabadilisha balbu. Na sheria yao ya usalama wa magari ina kipengele kizima, nambari 103, cha mitambo ya kuondoa barafu na ukungu kwenye kioo. Yaani hita inahesabiwa pamoja na mambo ya usalama. Huku kwetu tunaiweka pamoja na redio na kiti cha ngozi. Mtu akisema hita haifanyi, anaambiwa avae jaketi. Sawa, mimi nitavaa jaketi. Kioo nacho nikivalishe nini?

Sasa, nimewapiga mafundi sana, na ukweli lazima useme pande zote.

Kuna wakati kutoa themostati ni sawa. Imekwama imefungwa, gari inachemsha, uko Mai Mahiu, duka la spea liko mbali. Toa, ufike nyumbani. Hiyo ni dharura. Kosa ni dharura ya siku moja kugeuka kuwa maisha ya gari.

Na ni nani huifanya iwe maisha? Hapa ndipo inaniuma.

Baada ya yule mzee kufungua ile nyumba tupu, nilirudi nikifikiria ni mjinga gani alitoa themostati ya mathe. Nikamuuliza. Akafikiria, akasema, "Si ni ile wakati gari ilichemka ukiwa bado chuo. Fundi akakupigia."

Nikakumbuka. Nilikuwa nimekaa hosteli. Fundi alinipigia kwa sababu mathe alimwambia, "Ongea na kijana wangu, yeye amesoma." Akanieleza: themostati imekwama, nyingine ni pesa fulani, ama aitoe tu, hii kitu si ya lazima. Na mimi, msomi, nikauliza swali moja tu: "Ukitoa ni how much?" Akasema hiyo hatalipisha. Nikamwambia, "Toa tu."

Toa tu. Maneno mawili. Mathe akaendesha misimu miwili ya baridi na kioo cheupe kwa sababu ya maneno yangu mawili, mimi nikiwa chini ya blanketi hosteli.

Kwa hivyo siwezi kuweka lawama yote kwa fundi. Fundi wa kando ya barabara halipwi kufikiria. Hakuna mtu humwambia, "Chukua hii, nitafutie ugonjwa." Tunamlipa akifungua nati na kubadilisha kitu. Akikaa saa nzima akigusa paipu na kusikiliza, tunasema anapoteza wakati. Akitaja bei ya spea tunasema anatuibia. Akisema anaweza kuitoa bure, tunamwita fundi mzuri. Tumemfundisha sisi wenyewe kwamba dawa ya bei nafuu ni kukata.

Na hii tabia haiko kwa themostati peke yake. Taa ya injini ikiwaka tunachomoa balbu. Mkanda wa usalama ukilia tunanunua kile kibuyu cha kuufunga mdomo. Kitu kikisema kuna shida, tunakinyamazisha. Halafu ajali ikitokea tunasema ni ukungu.

Themostati ya mathe niliinunua Kirinyaga Road, 1,800. Nikapita na sufuria kwanza. Yule mzee alichukua 1,000 ya kazi, akasafisha tope kwenye rejeta ndogo kwa maji ya presha ndogo akisukuma kinyume, akajaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi yasiyo na chumvi, akatoa hewa. Kulanti ilikuwa bei yake kando. Jumla yote haikufika pesa ambayo tungelipa kunyoosha bampa peke yake, kama bampa ndilo lingegonga lile lori.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Mafundi, mkitoa kitu kwenye gari ya mtu, mwambieni, na muandike kwa risiti: "Themostati imetolewa, irudishwe." Wenye gari, lipeni mtu apime kabla ya kukata, na muombe mpewe mkononi kila kitu kilichotolewa. Na nyinyi watoto mlio mbali ambao wazazi wenu huwapigia simu kwa sababu "mmesoma": kabla useme toa tu, uliza swali la pili.

Mathe bado anatoka saa kumi. Lori bado zinasimama bila taa. Tofauti ni kwamba sasa, akifika Kinale, leso iko mabegani mwake na kioo kiko wazi. Juzi alilalamika kwamba hita ni moto sana, nimtolee kitu kipungue. Nikamwambia, mathe, zungusha nobu.

Haya. Kesho asubuhi, kabla ya chai, fungua boneti uguse ile paipu ya juu. Halafu rudi hapa uniambie kama kuna mtu nyumbani.